Bustani ya Issuna na Tandala Walioipenda

Wiki niliyokabidhi baiskeli ya serikali na kurudi kwetu Ulemo, mabwana shamba vijana wa ofisi yetu waliniomba niwaandikie mambo niliyoyaona kazini. Nadhani walitarajia niwaeleze namna ya kupanda daraja. Hapo walimkosea mtu. Madaraja niliyapanda taratibu sana, na sikumbuki hata moja lilikuja lini. Ninachokumbuka, na ambacho hadi leo nikikisimulia sauti hunipanda mpaka wajukuu wanacheka, ni mboga na wanyama wanaozila. Basi nitaandika hayo.

Nilipangiwa Issuna miaka ile watu walipokuwa wanahamia katika vijiji vya ujamaa. Lori lilinishusha barabarani na sanduku langu la bati, baiskeli, panga, kamba ya katani ya kupimia, na keni ya kumwagilia ambayo sikumruhusu utingo aiguse. Watu walikuwa wamezoea kuletewa bwana shamba. Waliokuja kunipokea walichungulia nyuma ya lori kuona kama bwana mwenyewe bado hajashuka.

Aliyenipokea ni mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ntandu, mtu mfupi aliyetembea haraka kama anayefuatwa.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Umetoka wapi, binti?"

"Ulemo, mzee. Mimi ni Mnyiramba."

"Basi si mbali. Kinyaturu chetu utakielewa nusu. Nusu nyingine utajifunza ukigombezwa."

Sikupewa hata maji ya kunawa. Alinipeleka moja kwa moja lamboni. Chini ya tuta la lambo palikuwa na ardhi nyeusi yenye unyevu, ambayo kikundi cha akina mama kilikuwa kimepewa na kijiji kulima mboga wakati wa kiangazi. Niliona matuta yamenyooka vizuri, na juu ya matuta hayo niliona vishina vya kabichi. Vishina tu. Majani yote yalikuwa yameliwa, na karoti zimefukuliwa na kutafunwa nusu.

Akina mama walikuwa wamesimama katikati, hakuna aliyeshika jembe. Kiongozi wao alikuwa Mama Rehema, mwanamke mrefu, mrefu hasa, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya lambo. Alinitazama, akatazama keni yangu.

"Karibu, bibi shamba," akasema. "Umetukuta tunavuna nyayo."

Wengine walicheka, lakini mmoja alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Mzee Ntandu akanieleza mambo yalivyo. Wafugaji walikuwa wanaitaka ardhi ile kwa ajili ya mifugo, kwa kuwa ndiyo njia ya ng'ombe kwenda majini na ndiyo inayobaki na majani mabichi. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekata shauri: akina mama wajaribu mpaka mvua za kwanza. Wakishindwa kuvuna, ardhi irudi kwa ng'ombe. Hapakuwa na sehemu nyingine yenye maji. Na kijiji kilikuwa kipya, watu wameacha bustani zao za zamani walikotoka. Nilipopita zahanati siku ya pili, mganga msaidizi alinionyesha watoto wenye vidonda kwenye pembe za midomo. Akasema dawa anayo kidogo, wanachokosa hasa ni mboga.

Akina mama hawakuwa wamekaa bure. Walikuwa wamesimamisha sanamu za mtu zilizovikwa makoti mabovu. Walikuwa wametundika makopo yagongane kwa upepo. Walipokezana kulala pale na kupiga madebe, mpaka wengine wakaanza kusinzia wakiwa wamesimama mchana. Wanyama waliogopa siku mbili tatu, halafu wakazoea. Sanamu moja niliikuta imeliwa kofia, maana ilikuwa ya majani.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Bwana Mkumbo, aliyekaa Ikungi. Aliianza kazi hii wakati wa mkoloni. Mguu mmoja ulikuwa unamsumbua, akitembelea fimbo, na maneno aliyatoa kwa kubania. Nilipanda baiskeli hadi kwake nikiwa nimejiandaa kuomba seng'enge. Nilieleza haraka haraka, nikatoa hesabu ya mizunguko ya waya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Seng'enge hakuna," akasema. "Nani anakula mboga?"

"Wanyama, bwana."

"Wanyama gani?"

Nikaanza kuikunja karatasi yangu ya hesabu.

"Rudi. Fagia udongo kuzunguka bustani yote, jioni. Asubuhi usome. Ukishajua ni nani na nani, hapo tutaongea habari za uzio."

Njia nzima ya kurudi nilinung'unika. Nimesoma chuo, nakwenda kufagia pori. Lakini nilikata matawi, nikatengeneza ufagio, na jioni ile mimi na Mama Rehema tulifagia ukanda mpana kuzunguka bustani mpaka udongo ukalainika kama unga.

Asubuhi iliyofuata ndiyo asubuhi niliyoipenda kazi hii. Udongo ulikuwa umejaa. Mama Rehema aliinama upande wake, mimi nikainama wangu, tukawa tunaitana kama watoto waliookota matunda. Pale palikuwa na kwato ndefu nyembamba, zimezama sana: tandala, yule swala mkubwa mwenye pembe za kujipinda. Pembeni yake vikwato vidogo kama punje mbili za maharage: digidigi. Upande wa maji kwato za mviringo na alama mbili ndogo nyuma, na udongo umechimbuliwa kwa pua: nguruwe pori. Na karibu na karoti nyayo zinazofanana na za mtoto mchanga, na mistari myembamba iliyoburutwa nyuma yake.

"Huyu ni nani, anayetembea na ufagio wake?" nikauliza.

"Nungunungu," akasema Mama Rehema. "Miiba yake hiyo inaburuzika."

Nilikuwa nadhani tuna tatizo moja. Kumbe tulikuwa na wageni mbalimbali, na kila mmoja ana mlango wake. Tandala anapita juu. Nguruwe anasukuma katikati. Nungunungu anachimba chini. Digidigi anaingia popote mwenzake alipopita. Nilirudi Ikungi siku hiyohiyo, na safari hii Bwana Mkumbo alinivutia kiti.

Wakati sisi tunafagia, vijana wa kijiji waliona tunachelewesha mambo. Walichimba shimo refu kwenye njia ya wanyama, wakachomeka vijiti vilivyochongwa vikali chini, wakafunika kwa fito na majani. Mzee Ntandu aliwaonya kwamba bwana nyama, yule askari wa wanyamapori, akilikuta watakwenda kujieleza. Hawakusikia. Shimo lile lilikamata mnyama mmoja tu, naye alikuwa maksai wa Mzee Shabani.

Mzee Shabani ndiye aliyekuwa msemaji wa wafugaji. Alikuwa mtu wa swala tano, mpole kwa sura, lakini akisimama mkutanoni watu walinyamaza. Maksai ilibidi achinjwe palepale. Kijiji kilikula nyama, na kesho yake kikaitwa mkutanoni ndani ya ghala letu lililokuwa bado halijaezekwa.

"Bustani hii imelisha swala tangu ianze," akasema Mzee Shabani. "Sasa imekula na maksai wangu. Mimi nauliza, tunangoja nini? Mvua? Ardhi irudi leo."

Wanaume wengi waliitikia. Nilimwona Mama Rehema anatazama chini, na sikuwahi kumwona anatazama chini. Nikasimama, nimeshika ukuta.

"Shikamoo, Mzee Shabani."

"Marahaba, binti."

"Mzee, kijana anayechunga ng'ombe wako, huwa wanaingia bustanini?"

"Huingia. Na akina mama hunitukana."

"Na njia ya kwenda majini inapita wapi?"

"Katikati ya matuta yenu. Ninyi ndio mliolima njiani."

"Tukijenga uzio wa miiba, na tukaacha njia pana upande wa mawe, inayofika majini moja kwa moja, ng'ombe wako watakunywa bila ugomvi. Hawatakuwa na pa kupotelea. Ardhi ikirudi bila uzio, nguruwe wataifukua ileile, na lambo litajaa matope. Hata ng'ombe watakosa."

"Miiba ya kuzunguka eneo lote lile itakatwa na nani? Na itabebwa na nani?"

"Itakatwa na sisi. Itakokotwa na maksai wako, mzee, ukikubali."

Mtu nyuma akacheka, na Mzee Shabani naye akatabasamu kidogo, kwa kulazimika.

"Maksai waliobaki," akasema.

Basi tukaanza. Sijawahi kuona kazi ya kijiji kama ile. Wanaume waliopiga kelele mkutanoni walikuja na mashoka. Tulikata matawi ya migunga, si miti mizima, na niwaombe ninyi vijana mlizingatie hilo, maana mti ukikata shinani mwakani huna uzio wala kivuli. Maksai walikokota matawi kwa minyororo, vumbi linapaa, akina mama wanaimba. Kila mtu aliyekulia kwenye boma la ng'ombe alijua kupanga: shina la tawi ndani, miiba nje, kisha unakandamiza kwa mti wenye panda ili tawi lishikane na mwenzake. Nguruwe akileta pua anakutana na miiba usoni. Kwa nungunungu tulichimba mfereji chini ya uzio tukaupanga mawe bapa, na mawe Singida hayajawahi kuwa shida ya mtu.

Uzio ulipokamilika ulinifika kifuani. Tukapanda upya. Kabichi zikashika, karoti zikaota, mchicha ukaanza kuchumwa. Nguruwe walikuja, wakazunguka, wakaondoka. Nilitembea kijijini kama niliyeolewa jana.

Halafu asubuhi moja tukakuta kwato nyembamba katikati ya kabichi, zimezama sana, pale mnyama alipotua. Tandala. Aliruka kana kwamba hakuna kitu.

Tukainua uzio. Akaruka. Tukainua tena mpaka ukanipita kimo, matawi ya juu yakawa yanaanguka kwa upepo, na bado akaruka. Akina mama walianza kuchoka, na kiangazi kilikuwa kinakauka zaidi kila siku. Huko porini hakukuwa na jani bichi. Mtu akisimama kwenye tuta la lambo aliona nchi yote ya kahawia, na kijani ni chetu peke yake. Hata mimi ningekuwa tandala ningekuja.

Bwana Mkumbo alikuja kwa pikipiki ya ofisi, akaangalia, akagonga uzio kwa fimbo yake.

"Sijui," akasema. "Huyu sijawahi kumshinda. Wakati wetu tuliita bunduki."

Kumsikia mkubwa wangu akisema hajui kulinishtua, kisha kukanitia hamu. Akalala kijijini. Alfajiri, kabla jua halijatoka, tulijibanza mimi, yeye na Mama Rehema juu ya tuta. Mwanga ulikuwa unaanza kijivu. Na yule dume akatoka vichakani.

Nimeona wanyama wengi tangu siku ile, lakini yule bado namwona. Mkubwa, mistari myeupe ubavuni, pembe zimejipinda mpaka mtu unajiuliza anapitaje vichakani. Akatembea kando ya uzio polepole, anatazama juu, anatazama ndani. Anasimama, anapima, anasogea. Nilikuwa nimemshika Mama Rehema mkono bila kujua. Akafika sehemu ambayo akina mama walikuwa wamerundika miiba iliyobaki, mstari mfupi mbele ya uzio, ukiacha nafasi kati yake na uzio wenyewe. Mahali pale uzio ulikuwa haujainuliwa bado, ndio mfupi kuliko kote. Nikasema moyoni, anapita hapo.

Hakupita. Alisimama. Akainua kichwa, akainamisha, akapiga udongo kwa kwato. Akarudi nyuma, akaja tena. Akageuka, akaenda zake mbele, na palipokuwa na uzio mmoja mrefu akajikusanya na kuruka, mwepesi kama khanga iliyopeperushwa.

"Umeona?" nikanong'ona. "Pale pafupi amepaogopa."

"Hana pa kutua," akasema Bwana Mkumbo.

"Akiruka wa kwanza anatua kwenye nafasi," nikasema, "na hapo hana pa kukimbilia ili aruke wa pili."

"Na zote mbili hawezi kuzivuka kwa mruko mmoja," akamalizia Mama Rehema. "Basi tunangoja nini hapa? Mtu amfukuze yule, anakula kabichi zangu."

Akashuka tuta akipiga kelele, na yule dume akaruka kutoka kama alivyoingia.

Asubuhi ileile tuliivunja sehemu ya juu yote ya uzio, ili kwa miiba yake tujenge uzio wa pili, mfupi, kwa nje. Mzee Shabani alikuja na maksai akatukuta tunapunguza kile alichokuwa amekikokota, akauliza kama tumerogwa. Nikamweleza huku nachora chini kwa kijiti, naruka mwenyewe kumwonyesha, nimepandisha gauni magotini mbele ya mzee wa watu. Akaitazama michoro.

"Ndama naye hufanya hivyo," akasema taratibu. "Boma likiwa na kuta mbili, haruki."

Ikabaki kujua nafasi kati ya nyuzio iwe kiasi gani. Pana sana, tandala atapata pa kukimbilia. Nyembamba sana, atavuka zote mbili. Tulibishana mpaka Mama Rehema akachoka, akajilaza chini pale kati, kichwa kwenye uzio mmoja.

"Iwe urefu wangu," akasema. "Mimi sitoshi kuwa tandala, lakini sipungukiwi."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini ndicho kipimo tulichotumia. Tulikata fito yenye urefu wa Mama Rehema, tukazunguka nayo bustani nzima. Katikati ya nyuzio tukachomeka vipande vya minyaa, maana miiba mikavu huoza na minyaa hubaki hai miaka na miaka wala ng'ombe hawaili. Utomvu wake ni hatari kwa macho. Mama mmoja ulimrukia, tukamwosha kwa maji mengi na akakaa zahanati mpaka alipopona. Mkikata minyaa, geuzeni uso.

Kuhusu tumbili, ambao uzio kwao si kitu, sina la kuwafundisha. Tulifuga mbwa, na mbwa akawa rafiki yao.

Siku ya kujua ilifika kiangazi kilipokuwa kimeshika hasa. Lambo lilikuwa limepungua, na wanyama wa pori lote wanashuka kunywa. Nilifika na Mama Rehema jua likichomoza. Udongo wa nje tuliofagia ulikuwa umekanyagwa mpaka umekuwa barabara. Tandala wengi, madume na majike, nguruwe, digidigi, wote walikuwa wamezunguka. Tulianza kuufuata uzio. Kila kona nilitarajia kuona pengo. Mahali fulani tuliona kwato zimeingia kwenye nafasi ya kati, mnyama akageuka humohumo na kutoka kwa tabu, ameacha manyoya kwenye miiba. Tukaendelea. Tulipomaliza mzunguko tukaingia ndani. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Kabichi zilikuwa zimekaa kwenye matuta yake, zimefumba, zina umande.

Mama Rehema alisimama. Kisha akapiga ukelele, sauti ile yake, mpaka ndege wakaruka lamboni. Watu walikuja mbio wakidhani kuna msiba au chui. Wakatukuta tumekumbatiana katikati ya kabichi, tunacheka na kulia.

Tulivuna kabla ya mvua. Kabichi zilikwenda zahanati, zikaenda shuleni, kila nyumba ikapata. Mkutano ulipoitwa, Mzee Shabani alisimama wa kwanza.

"Ng'ombe wangu wanakunywa bila kutukanwa," akasema. "Ardhi ibaki kwa akina mama. Ila mke wangu sasa ananipikia kabichi kila siku, na hilo naomba mkutano ulijadili."

Nilimfuata Bwana Mkumbo kumpa habari. Nilizungumza kwa kasi mpaka akaniambia ninywe maji kwanza. Akaomba lifti ya gari la shamba la misheni, tukaja wote. Hakuweza kutembea sana siku zile, lakini alitaka kupita ndani ya nafasi ile, kati ya uzio na uzio, minyaa ikiwa imeanza kushika. Alizunguka yote kwa fimbo yake. Mama Rehema akamng'olea karoti, akaipangusa kwenye khanga, akampa. Aliila hapohapo, amesimama.

"Wakati wa mkoloni," akaniambia, "nilikuwa napita na askari. Watu walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa sababu nimesimama pale. Nikiondoka, wanaacha. Miaka yote ile." Akautazama uzio mpaka unapopinda. "Hapa nilikuwa nimelala nyumbani."

Nikachukua fimbo yake nikaipangusa matope.

Wakati wa kurudi, nikiwa namsindikiza Ikungi, gari lilikuwa halijafika mbali na kijiji lilipopunguza mwendo. Kando ya barabara walikuwa wamekaa akina mama kutoka kijiji cha jirani, ambao sikuwafahamu hata mmoja. Walikuwa wamekuja na mapanga, na kamba, na mmoja ameleta maksai wawili na mnyororo. Walisimama walipotuona.

"Ndiye huyo bibi shamba?" mmoja akamuuliza dereva. "Kwetu wamemaliza mchicha wote. Hatujui ni nani."

Bwana Mkumbo alinifungulia mlango.

"Mimi nitafika Ikungi bila wewe," akasema. "Shuka."